Mjane wa miaka 64, nyumba ya Mbagala na chumba cha "huruma"

Swali

"Habari za kazi, wakili. Nina miaka 64, naishi Mbagala. Mume wangu alifariki mwaka jana. Tulioana kimila mwaka 1988 huko kwao Kanda ya Ziwa. Ng'ombe walitolewa wachache, wengine wakabaki deni, na cheti cha ndoa hatuna. Kiwanja tulinunua mwaka 1996. Karatasi ya mauziano ina jina lake peke yake, na hati hatukuwahi kupata. Nyumba ina vyumba sita, vinne vina wapangaji. Yeye alikuwa dereva, mimi nilipika vitumbua na maandazi miaka yote hiyo. Ameacha kijana mmoja aliyemzaa kabla yangu na mabinti zangu wawili, wote watu wazima. Ukoo ulikaa kikao ukamteua mdogo wake kuwa msimamizi wa mirathi, na Mahakama ya Mwanzo ikampitisha. Sasa kodi anakusanya yeye. Anasema nyumba itauzwa, mimi nirudi kijijini nikajengewe kibanda, na kama sitaki basi nitaombewa kwa mnunuzi nibaki na chumba kimoja kwa huruma. Je, nikubali chumba?"

Jibu

Shikamoo mama, na pole sana kwa kuondokewa na mzee.

Nianze na jibu lenyewe, maana najua usingizi umekupaa: usikubali chumba hicho, na usihame. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote mpaka mtu unayemwamini amekusomea neno kwa neno. Mengine yote yanaweza kusubiri wiki mbili tatu. Hayo matatu hayasubiri, kwa sababu mjane akishatoka ndani, kesi yake inakuwa ngumu mara mbili: badala ya kutetea alipo, anaomba kurudishwa alipotolewa.

Sasa nikueleze kwa nini.

Karibu kila mjane anayekuja ofisini kwangu na mfuko wake wa makaratasi ananiuliza, "Mimi narithi nini?" Swali hilo ni la pili. La kwanza ni: marehemu alikuwa na nini? Mirathi ni mali ya marehemu tu. Kilichokuwa chako hakigeuki mirathi kwa sababu mwenzako amefariki. Shemeji yako ameichukua nyumba nzima akaiita ya kaka yake, halafu akaanza kuigawa. Hapo ndipo pa kumsimamisha, kabla hata hamjafika kwenye mafungu.

Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 56, inampa mwanamke aliyeolewa haki ileile ya mwanamume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza. Sheria ya Ardhi ya 1999, kifungu cha 161, inakwenda mbali zaidi: pale ardhi ilipo kwa jina la mwanandoa mmoja lakini mwenzake amechangia kwa nguvu zake katika kuizalisha, kuitunza na kuiendeleza, huyo mwenzake anahesabiwa kuwa na haki ndani ya ardhi hiyo pamoja na mwenye jina. Haisemi lazima awe ametoa fedha. Inasema nguvu. Vitumbua vyako, maji uliyobeba wakati wa ujenzi, mafundi uliowapikia, miaka uliyosimamia wapangaji mzee akiwa safarini, yote hayo ni nguvu.

Wakili wa upande wa pili anaweza kusema kifungu hicho kinazungumzia ardhi iliyosajiliwa, na ya kwenu haina hati. Anaweza pia kusema kwamba kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kinachogawa mali ya wanandoa, kinahusu talaka na kutengana, siyo kifo. Kwenye hili la pili yuko sahihi, na nimeona wajane wakikwama kwa kuegemea kifungu hicho peke yake. Kwa hiyo usiende mahakamani kuomba "mgawanyo" kama mtu aliyeachwa. Nenda kudai kwamba sehemu ya nyumba ni yako mwenyewe, haikuwa ya marehemu, na kwa hiyo isiingizwe kwenye orodha ya mirathi. Halafu uthibitishe.

Kuhusu kuthibitisha, kuna uamuzi mmoja ambao kila mwanamke wa nchi hii angepaswa kuujua. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kabla ya hapo majaji walikuwa wamegawanyika; wapo walioona kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu na hakuzai haki yoyote. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia nyongeza siku ile, kwa sababu mahakama iliona fedha alizokwisha kupewa na mumewe zinatosha kuwa fungu lake. Lakini msingi aliouacha ndio tunaousimamia mpaka leo. Ile ilikuwa kesi ya talaka na yako ni ya kifo, ila hoja ya kwamba jasho la mke ni mchango haifi kwa sababu ndoa imeishia makaburini.

Na wewe, mama, una zaidi ya kazi za nyumbani. Ulikuwa na biashara. Tafuta daftari la kikoba chako cha zamani, hata kama limeliwa na mende. Tafuta risiti za mabati na saruji. Muulize fundi aliyejenga, kama yu hai, nani alikuwa anamlipa siku za Jumamosi. Mjumbe wa shina wa wakati huo, jirani uliyemuuzia maandazi asubuhi akienda kazini, mpangaji wa kwanza aliyekukabidhi kodi mkononi, hawa wote ni mashahidi. Picha ya msingi wa nyumba ambayo umo umeshika ndoo ina thamani kubwa kuliko hotuba yangu yoyote mbele ya hakimu. Andika majina yao leo, maana mashahidi wa wazee nao ni wazee.

Watakuja na hoja ya ndoa. Watasema cheti hakuna, ng'ombe hawakuisha, kwa hiyo hukuolewa. Hoja hii naisikia kila mwezi, na inanikera kwa sababu anayeitoa mara nyingi ni mtu aliyekula ubwabwa wa harusi yenyewe. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ndoa kinasema ndoa iliyotimiza masharti ya msingi haibatiliki kwa sababu mila ya mahari haikutekelezwa, wala kwa sababu haikusajiliwa. Na hata wangefanikiwa kuitikisa ndoa ya kimila, kipo kifungu cha 160: mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawajua kuwa mke na mume, sheria inadhania walioana mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Ninyi mlikaa zaidi ya miaka 30. Kadi za kliniki za mabinti zako, jina lako kwenye kadi ya bima ya mzee kama alikuwa nayo, hata ratiba ya mazishi iliyokutaja kama mjane, vyote viwekwe pamoja.

Tuje kwa shemeji. Msimamizi wa mirathi si mmiliki. Ni mtu aliyekabidhiwa kazi: akusanye mali ya marehemu, alipe madeni, awagawie warithi, na arudi mahakamani kueleza alichofanya. Katika Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, au muda zaidi kama mahakama imemwongezea. Nenda masjala ya mahakama hiyo uombe kuona jalada. Angalia kama orodha imo na imeandikwa nini kuhusu nyumba. Angalia pia kama kodi anayokusanya imetajwa popote. Kama miezi imepita na jalada halina kitu, hilo peke yake ni sababu nzito ya kumwomba hakimu amwite ajieleze. Msimamizi anayekwenda kinyume na maslahi ya warithi, au aliyepata uteuzi kwa kuficha mambo, anaweza kutenguliwa na mwingine akateuliwa, hata wewe mwenyewe au mmoja wa mabinti zako. Kikao cha ukoo kinapendekeza tu. Anayeteua ni mahakama.

Na hapa kuna jambo ambalo pengine hakuna aliyekwambia. Mirathi Tanzania Bara haina sheria moja. Kuna ya kimila, kuna ya Kiislamu, na kuna Sheria ya Mirathi ya India ya 1865 ambayo bado inatumika kwa waliokuwa wakiishi Kikristo nje ya mila. Katika familia kama yenu, ambapo marehemu ameacha mtoto wa kiume na mabinti, shemeji yako si mrithi kwa sheria yoyote kati ya hizo tatu. Mtoto wa kiume anamfungia ndugu katika mirathi ya Kiislamu, watoto wanamtangulia katika ya kimila, na katika ile ya 1865 mjane na watoto wanachukua yote. Anagawa mali ambayo hana fungu ndani yake.

Lakini fungu lako wewe linatofautiana sana kulingana na sheria itakayotumika, kwa hiyo ukae macho. Kwa Uislamu mjane mwenye watoto wa marehemu anapata thumuni, yaani moja ya nane, na mahari ambayo hajalipwa ni deni linalotangulia mgawanyo. Kwa sheria ya 1865 anapata theluthi moja. Kwa mila zilizoandikwa katika tangazo la serikali namba 436 la mwaka 1963, linalohusu makabila yanayofuata ukoo wa baba, mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha watu wa ukoo wake. Fungu lake linasemwa kuwa ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao.

Sheria hiyo iliandikwa ikimwona bibi aliyekaa kwenye boma, shamba mbele, wajukuu uani, mwana mkubwa jirani. Haikumwona mama wa Mbagala ambaye mabinti zake wenyewe wamepanga chumba kimoja kimoja. Kumwambia leo mwanamke wa miaka 64 kwamba urithi wake ni kutunzwa ni kumwambia hana kitu.

Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani, waliofukuzwa na ukweni kwa mila hizo, waliipeleka serikali Mahakama Kuu. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kwamba mila hizo zinawabagua wanawake, lakini ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro ya kiufundi. Wakaenda Umoja wa Mataifa, kwenye kamati inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania ilivunja haki zao. Ule ulikuwa ushindi wa heshima. Kwa mjane aliyesimama mbele ya hakimu wa Mwanzo asubuhi ya Jumanne, haukubadilisha maandishi ya tangazo.

Ndiyo maana nakuuliza: mume wako aliishi vipi? Alibatizwa? Alisali wapi? Alizikwa kwa taratibu gani? Alikuwa akienda kwao kushiriki mambo ya ukoo, au maisha yake yote yalikuwa Dar es Salaam? Mahakama ya Mwanzo inashughulikia mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Kwa hiyo shemeji yako alipofungua jalada pale, alichagua na sheria, huenda bila wewe kujua. Kama unaweza kuonyesha kwamba marehemu aliishi Kikristo na aliachana na maisha ya mila, toa hoja hiyo mapema na kwa maandishi, kwamba mirathi haipo mahali pake. Ukisubiri mpaka mgawanyo umefanyika, utakuwa unarudisha maji kwenye mtungi.

Na hata wakishinda kwamba mila ndiyo itumike, nyumba ya Mbagala si ardhi ya ukoo. Hakuna babu aliyeifyeka. Ilinunuliwa na watu wawili kwa mshahara wa dereva na faida ya vitumbua.

Kuna mwanamke mmoja ambaye kila nikifikiria wazee na ardhi namkumbuka. Holaria Pastory, wa Muleba mkoani Kagera, alirithi shamba la ukoo kwa wosia halali wa baba yake. Alipoona uzee unamlemea na hana wa kumtunza, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akaenda mahakamani kutaka mauzo yafutwe, kwa kuwa kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia mpwa, Mahakama ya Wilaya ikapindua, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mila hiyo inapingana na haki ya usawa iliyo kwenye Katiba. Mwanamke anaweza kuuza kama mwanamume. Wanafunzi wa sheria huisoma kama kesi ya usawa. Mimi huisoma kama kesi ya mwanamke mzee aliyetaka kula na kuishi kwa kilicho chake, bila kumsubiri mtu amtunze.

Kuhusu kurudi kijijini: hakuna wa kukulazimisha. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa kinasema wazi kwamba, hata kama mila inasema vingine, mjane yuko huru kuishi popote apendapo. Na hicho kibanda kitajengwa kwenye ardhi ya nani? Kama ni ya shemeji, basi unatolewa kwenye nyumba yako kwenda kuwa mgeni wa mtu maisha yako yote. Wewe ni wa kule, unajua bibi mjane asiye na ardhi yake anavyoweza kuambiwa mchawi siku watu wakilitamani eneo. Ukiamua mwenyewe kurudi, hilo ni jambo lako. Basi omba ardhi kwa jina lako kwenye Halmashauri ya Kijiji na upate hati ya hakimiliki ya kimila. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi.

Sasa hatua. Ya kwanza ni jalada, nimekwisha kusema. Ya pili ni pingamizi lako kwa maandishi kwenye mahakama hiyohiyo ya mirathi, likieleza kwamba sehemu ya nyumba ni yako, kwamba unaomba nyumba isiuzwe mpaka hilo liamuliwe, na kwamba kodi iwekwe mahali inapoonekana badala ya mfukoni mwa mtu. Ya tatu ni ofisi ya serikali ya mtaa. Nyumba isiyo na hati huuzwa kwa karatasi na mhuri wa mwenyekiti. Basi huo mhuri uuwahi. Peleka nakala ya pingamizi yenye mhuri wa mahakama, waombe wapokee na wasaini nakala yako, na wamweleze yeyote atakayekuja kuuliza kwamba nyumba ina shauri. Nyumba ingekuwa na hati, ungeweka zuio kwa msajili wa hati. Usikimbilie Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwa sasa; maadamu mirathi haijafungwa, ugomvi wa nini ni cha marehemu mahali pake ni mahakama ya mirathi.

Fedha za wakili zisikutishe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua wasaidizi wa kisheria, na katika Dar es Salaam mashirika kama WLAC, TAWLA na LHRC huwasaidia wanawake kama wewe bila malipo.

Nikuombe jambo moja gumu. Yule kijana wa marehemu si adui yako. Ni mrithi halali kama mabinti zako, na shemeji atajaribu kumtumia. Mwite, kaa naye, mpe hesabu ya kweli. Nimeona mashauri yakiisha kwa makubaliano mazuri: mama anabaki na sehemu yake pamoja na haki ya kukaa mpaka mwisho wa maisha yake, vyumba vya kodi vinagawanywa, na hakuna anayeuza bila wenzake kukubali. Makubaliano ya aina hiyo yaandikwe na yaingizwe kwenye jalada la mahakama. Ya mdomo yataisha siku ya arobaini ya mtu mwingine.

Na kwa akina mama wengine wanaosoma hapa wakiwa na waume wazima: maadamu ndoa ipo, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamkataza mume kuuza, kugawa, kukodisha au kuweka rehani nyumba mnayoishi bila ridhaa yako, na benki nayo haitakiwi kuipokea bila ridhaa hiyo. Ulinzi huo unakoma ndoa ikikoma, na kifo kinaikomesha. Kwa hiyo wakati wa kupima viwanja na kurasimisha makazi mtaani kwenu, hakikisheni fomu ina majina mawili. Tena ulizeni ni umiliki gani. Kuna ule ambao kila mmoja ana hisa yake na akifa hisa inaingia kwenye mirathi, na kuna ule wa wanandoa ambao mmoja akifa mali yote inabaki kwa aliye hai. Huu wa pili, chini ya kifungu cha 159 cha Sheria ya Ardhi, ungemwokoa mama wa Mbagala na haya yote. Mzee akikubali kuandika wosia, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaupokea na kuuhifadhi.

Mama, Jumatatu nenda masjala na cheti cha kifo na kitambulisho, uandike namba ya shauri. Binti mmoja aende nawe, asome kila karatasi iliyo ndani ya jalada na kunakili tarehe zake. Ukishapata namba hiyo niandikie tena; pingamizi tutaliandika pamoja.